Alifuta Sauti ya Marehemu Ili Programu Yangu Iingie

Nimekosa, na sitaki mtu aniambie eti bahati mbaya. Bahati mbaya gani? Ni kiburi changu!

Mimi ndiye niliyetengeneza programu ya simu ambayo wakulima wa mpunga huku Ifakara wanajiandikishia zamu ya kombaini ya kuvuna. Zamani walimpigia dereva, akaandika majina kwenye daftari. Nikasema daftari ni ushamba, nikaliondoa. Asiye na programu asubiri!

Basi nikaipamba. Ukiifungua unapokewa na video ya mashamba iliyopigwa kutoka angani, na muziki juu yake. Kwa intaneti ya ofisini ilifunguka kufumba na kufumbua. Kijijini Namawala, ambako mtandao unasuasua, sikwenda kuijaribu hata siku moja. Na nimezaliwa hukohuko, jamani!

Mama mkubwa aliyenilea anaishi huko. Simu yake ndogo, imejaa. Mpunga ulishakauka, ndege wanaushambulia. Akanunua bando apakue, simu ikamwambia nafasi haitoshi. Akafuta picha. Bado! Akafuta na rekodi.

Nilipofika nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa simu. Kiduara kilikuwa kinazunguka tu.

"Mwanangu, nimefuta hadi baba yako mkubwa akiimba kwaya, nipate nafasi ya hiki kitu chako. Mbona hakifunguki?"

Baba mkubwa tulimzika mwaka juzi. Rekodi ile ilikuwa hiyohiyo moja. Nilihangaika na simu siku tatu, sikuipata. Nililia mbele yake, na sioni aibu kusema.

Kombaini nilimwitia kwa kumpigia dereva. Mpunga ukavunwa. Sauti je?

Nimeng'oa video, muziki na madoido yote. Limebaki jina, kijiji na zamu. Inafunguka hata mtandao ukisuasua. Daftari la dereva nalo nimelirudisha. Wenzangu wanasema imekuwa kama fomu ya zahanati. Wacheke! Bosi anataka video irudi. Hairudi, labda anifukuze!

Nanyi mnaotengeneza vitu hivi, kabla hamjaongeza pambo, jiulizeni mtu atafuta nini ili liingie. Mimi sikujiuliza. Sasa Mama mkubwa akimkumbuka mumewe, ananiomba nimwimbie ule wimbo. Sijui kuimba, lakini naimba.