Kipande cha Kaki Juu ya Jina

Mimi ni mtu wa shaka. Nasema mapema ili msomaji asije akadhani nimemficha. Nikipewa chai nanusa kwanza. Nikisifiwa, nageuka kuangalia ni nani yuko nyuma yangu anayesifiwa kweli. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa hivyo, lakini katika hilo namkatalia. Shaka yangu ina mahali ilipoanzia, nami napajua.

Ilikuwa zama za ruksa, magazeti ya watu binafsi yalipoanza kuota kama uyoga. Kila wiki muuzaji wa pale stendi alikuwa na gazeti jipya, na kila gazeti jipya lilitaka katuni. Nilichora kurasa sita, nikazitia kwenye bahasha, nikampa kondakta wa basi la Dar es Salaam azifikishe kwa mhariri wa gazeti moja ambalo halikumaliza hata mwaka. Sikujibiwa. Miezi ikapita. Siku moja nimesimama buchani pale Sakina, mtaani kwetu Arusha, nafungiwa nusu kilo, naiangalia karatasi ya kufungia nyama, namwona mzee wangu wa kuchora, pua ile ile, kofia ile ile, na pembeni jina la mtu mwingine. Damu ilikuwa imelowesha nusu ya ukurasa, lakini jina lile lilisomeka vizuri sana.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku ile sikumpa mtu yeyote karatasi niliyoichora kwa mkono wangu. Anayetaka kazi yangu apewe fotokopi, na hiyo fotokopi nisimame mimi mwenyewe kwenye mashine.

Nilikuwa na mwenzangu. Tulipanga chumba nyuma ya gereji, kando ya barabara ya Nairobi, tukiandika mabango ya saluni, bucha na wachaji betri. Mabango ndiyo yaliyotulisha. Katuni tulizifanya kazi ikipungua: mimi nachora kwa penseli, yeye anatia wino. Asiyeijua kazi hii atadhani kutia wino ni kufuatisha mistari ya mwenzako kama mtoto wa chekechea. Sivyo. Penseli yangu ina wasiwasi kama mimi mwenyewe, inaweka mistari mitano mahali pa mmoja. Yeye ndiye aliyeamua upi ubaki, kisha akaupitisha kwa burashi mara moja bila kurudi nyuma.

Mimi ni Mmeru, yeye Mchaga, wote Walutheri, na kutwa nzima tulikuwa tukitaniana. Nilimwambia kwamba Mchaga akitia wino lazima abakize kidogo chupani afungulie duka. Alinijibu kwamba Mmeru akiombwa kifutio anadai mashahidi wawili.

Basi wachora katuni wa Arusha na Moshi wakaitana kikao. Hatukuwa wengi, tungetosha kwenye benchi nne za kanisani. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu wa sanaa, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitueleza kwamba kutakuwa na maonyesho ya siku moja katika ukumbi wa kanisa kule Kimandolu, na tuzo. Mshindi angechapishiwa kitabu kizima huko Nairobi, na jina lake kwenye jalada. Niliitaka tuzo ile kuliko kitu chochote. Jina langu juu ya kitabu, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kulikata kwa mkasi.

Lakini nilikuwa nimeshaanza kunusa. Majaji ni akina nani? Wanamjua nani? Nikanyoosha mkono, nikasema majina yafunikwe. Wakakubali: kila mchoro ungebandikwa kipande cha karatasi ya kaki juu ya jina, na kisifunguliwe hadi matokeo yatangazwe. Nikanyoosha mkono tena. Na jina likionekana kabla ya hapo? Nikapendekeza kazi hiyo itolewe kwenye mashindano.

"Hata kama ni bahati mbaya?" mwalimu aliuliza.

"Vyovyote iwavyo," nilisema.

Wakaandika kwenye kumbukumbu za kikao. Nilikaa chini nimeridhika kabisa, kama mtu aliyefunga zizi kwa kufuli. Ndipo mwalimu akaongeza kwamba fotokopi hazitapokelewa, kwa sababu mashine inaua wino. Iletwe karatasi yenyewe. Pale pale nikajitoa moyoni.

Tuliporudi Sakina, mwenzangu alinianza.

"Tupeleke ule wa koti."

Ule wa koti ulikuwa ukurasa wangu wa picha nane. Mzee mfugaji wa magharibi ya mlima Meru ananunua koti refu la mtumba. Mjini kila mtu anamwamkia na kumwita bosi. Anafika kwake, ng'ombe wanamkimbia, mbwa wake mwenyewe anampandisha mtini, na mkewe anatoka kuuliza mgeni anamtafuta nani. Nilikuwa nimeuchora kwa penseli nikauacha kwenye droo, maana niliona hauchekeshi.

"Siutoi," nilimwambia.

"Aisee, kwa nini?"

"Karatasi ikishatoka mkononi mwangu nitaipata wapi? Buchani?"

"Ile ilikuwa Dar, kaka. Hii ni Kimandolu hapa. Unaweza kwenda kwa miguu ukailinde."

"Peleka yako basi."

Aliinua chupa ya wino mezani. "Mimi natia wino, bwana. Nitapeleka chupa?"

Nilicheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka, na yeye hakucheka.

Baada ya hapo nikaanza kuona mambo. Nikiingia chumbani ghafla, anavuta kibao cha saluni anafunika meza. Siku ya Jumapili tukiwa kanisani nilimwona ana wino mweusi kwenye kucha, na mabango yetu yote wiki ile yalikuwa ya rangi ya mafuta. Chupa ya wino ilikuwa ikipungua bila kazi yoyote ninayoijua. Nikafanya jambo ambalo sijawahi kumsimulia mtu: nilibana njiti ya kiberiti kwenye droo yangu, juu kabisa, mahali pasipoonekana. Kesho yake njiti ilikuwa sakafuni. Nikafungua droo. Ukurasa wa koti haukuwepo.

Ningeweza kumwuliza. Alikuwa hatua tatu kutoka nilipo, anapiga mluzi, anaandika "Nyama Choma" kwa herufi nyekundu. Lakini mtu wa shaka hatafuti jibu, anatafuta ushahidi, na jibu huharibu ushahidi. Nikaifunga droo polepole. Siku zilizobaki nilizitumia kupanga maneno ya kumwambia mbele za watu, nikayapanga mpaka yakawa matamu mdomoni, na Mungu anisamehe, nilizifurahia siku zile.

Jumamosi ya maonyesho ilikuwa ya baridi ya Julai, na manyunyu yalishuka tangu asubuhi. Michoro ilikuwa imetundikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, kila mmoja na kipande chake cha kaki pembeni chini. Majaji walikuwa wameshapita. Matokeo yangetangazwa saa kumi.

Niliuona kwenye kamba ya tatu. Ulikuwa umetiwa wino, na sitadanganya, ulikuwa mzuri. Mbwa yule mimi nilimwacha na miguu kama saba ya penseli. Mwenzangu alikuwa amechagua minne iliyo sawa, na sasa mbwa alikuwa anakimbia kweli. Mbele ya ukurasa alisimama mama mmoja aliyejifunga kitenge juu ya sweta, anacheka mpaka anajifuta macho, anamwita jirani yake aje aone. Mimi niliyeuchora niliona hauchekeshi. Kumbe unachekesha. Hilo nalo lilinikasirisha.

Nikageuka. Mwenzangu alikuwa mlangoni na mwalimu, wanaongea Kichaga, wanacheka. Nikajiambia, ndiyo maana. Leo naona aibu kuiandika sentensi hiyo, maana miaka minne nilikuwa nakula ndizi za mama yake zilizotoka Kilimanjaro kwenye mkungu, na sikuwahi kuuliza zimetumwa kwa lugha gani.

Nikawaendea.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, kijana."

"Kamba ya tatu kuna kazi ya wizi."

Alivua miwani. "Kazi ya nani?"

"Yangu. Na aliyeiba unazungumza naye."

Watu wakaanza kusogea.

"Subiri saa kumi," mwalimu alisema taratibu. "Majina yote yatafunguliwa mbele yenu."

"Saa kumi mtakuwa mmeshayabadilisha."

Nilimwambia hivyo mzee wa umri wa baba yangu, ndani ya ukumbi wa kanisa. Kisha nikaenda kwenye kamba ya tatu. Mwenzangu alinikimbilia akanishika mkono.

"Kaka, usiguse. Nakuomba. Usiguse tu."

Ningekuwa na akili ningemsikia alivyosema. Mimi nilisikia mwizi anaomba. Nikapenyeza ukucha chini ya kaki. Ilikuwa imebandikwa kwa uji wa unga wa ngano, ikatoka yote kwa mkupuo mmoja.

Chini yake palikuwa na jina langu. Majina yangu yote matatu, kama yalivyo kwenye cheti cha ubatizo, yameandikwa kwa ule mwandiko mzuri wa mwenzangu aliokuwa akiuweka kwenye mabango ya wateja aliowapenda. Hapakuwa na jina jingine.

Mwalimu alikuja akainama akasoma.

"Jina hili ni la nani?"

"Langu."

"Kwa hiyo mwizi ni wewe?"

Kuna mtu alicheka nyuma. Mwalimu hakucheka. Alivaa miwani yake, akafungua vibanio viwili, akaushusha ukurasa. "Vyovyote iwavyo," alisema. "Ulisema mwenyewe, na tuliandika." Mwenzangu akaanza kuniombea. Alisema mwalimu anisamehe, nimekasirika tu, sikujua. Mwalimu akatikisa kichwa: akimsamehe mmoja, wengine watasemaje? Alikuwa na haki. Angemsamehe mwingine, mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kupiga kelele kwamba kuna mpango. Mkuki kwa nguruwe.

Tuliondoka kabla ya saa kumi. Mwenzangu aliuweka ukurasa ndani ya shati ili usilowe. Manyunyu yalipozidi tukajibanza kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, akautoa, akaugeuza nyuma. Majaji walikuwa wameandika kwa penseli nafasi waliyoupa, kila mmoja kwenye kona yake. Moja, moja, na moja. Hata pale nilijiuliza kama hakuziandika yeye mwenyewe. Nilizikagua nikiwa nimeinama. Zilikuwa za mikono mitatu tofauti.

"Mbona hukuniambia?" nilimwuliza.

"Ungekubali?"

Nisingekubali.

"Na jina lako mbona hukuliandika?"

"Fomu ya kujiandikisha ilikuwa na mstari mmoja tu wa jina, aisee. Nilisema acha liwe lako. Kitabu kina kurasa nyingi. Ungemtafuta nani akutilie wino?"

Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Kitabu kile kilikuwa chake kama kilivyokuwa changu, na hakuwa na njia nyingine ya kukifikia isipokuwa kupitia kwangu. Nilimwomba radhi. Alisema yameisha. Hayakuisha. Tuliandika mabango pamoja mwaka mmoja hivi baada ya hapo, kisha akahamia Lemara akafungua kibanda chake, na tukikutana mjini tunasalimiana vizuri, tunaulizana watoto. Katuni hatukuchora tena, yeye wala mimi.

Ila pale kibarazani, kabla mvua haijakatika, aliniuliza jambo moja. Aliuliza akiwa anatazama barabara.

"Ulipokuwa unabandua, ulitaka ukute jina la nani?"

"Langu," nilisema.

Akanigeukia. Miaka minne alikuwa ametia wino kwenye nyuso nilizochora mimi, na alijua mdomo wa mtu anayesema uongo huanzia wapi kupinda. Hakunibishia. Alinikabidhi ukurasa, akainua kola, akaingia kwenye mvua. Na kweli nilikuwa nimesema uongo. Nilipoliona jina langu pale chini ya kaki, kabla ya mshangao na kabla ya aibu, kitu cha kwanza kilichonijia ni masikitiko kwamba halikuwa lake.