Kamera ya Vigingi vya Chai

Tulifika Kericho mwanzoni mwa miaka ya thelathini, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili, tukitokea upande wa ziwa. Mume wangu alikuwa amejifunza kupiga picha misheni, na Mhindi mmoja mwenye duka mjini alimwandika kazi. Mbele ya duka ziliuzwa blanketi, sufuria na mafuta ya taa. Nyuma palikuwa na chumba cha giza cha kusafishia picha.

Kazi haikuwa ya kupiga picha za watu. Kampuni iliyokuwa ikifyeka msitu na kupanda chai ilikuwa na wenyewe ng'ambo, watu wasiowahi kukanyaga udongo ule, na walitaka kuona miche yao ikikua. Katika kila shamba mche mmoja ulichaguliwa, ukasimikwa kigingi kando yake. Kigingi kilipakwa chokaa, kikachorwa namba na mistari ya kupimia urefu. Kila mwezi picha ilipigwa hatua chache kutoka pale, na ilikuwa lazima mistari ile isomeke. Vigingi vilizidi mia. Vingine vilikuwa upande wa Kapsoit, vingine mbali chini njia ya Litein, na sisi tulikwenda kwa miguu. Asubuhi tulilowa umande, saa nane tulilowa mvua. Siku za mvua ya mawe tulijikunyata chini ya mwavuli mmoja, tukingoja ipite ili tuendelee na kigingi kinachofuata.

Mimi sikuajiriwa. Watoto niliwaacha kwa jirani yetu kwenye kambi ya wafanyakazi tulikokaa, nikabeba mkoba, mwavuli na daftari. Mume wangu alisema mpiga picha anapaswa kuwa na mikono mitupu. Nilikubali, kwa kuwa nilikuwa mgeni na sikujua kazi. Lakini baada ya miezi kadhaa nilianza kuona kwamba kila tulipoingia shambani aliniuliza, "Kiko wapi?" na kigingi kilikuwa mbele yetu, cheupe kama jino. Nilimwonyesha tu.

Kisha siku moja alikosa hatua kwenye daraja la magogo, akaanguka mtoni pamoja na kamera. Yeye alichubuka magoti. Kamera ilibonyea upande mmoja, na kidirisha chake cha kupimia umbali hakikufaa tena. Kidirisha kile ndicho kilichokuwa roho ya kamera. Ukichungulia ndani unaona kitu kimoja kikiwa viwili, kama aonavyo mlevi. Unazungusha lenzi taratibu mpaka viwili vile vinaingiana na kuwa kimoja, ndipo unapobonyeza. Sasa havikuingiana kabisa. Bahati ni kwamba lenzi yenyewe ilitoka nzima, na iliweza kufunguliwa na kufungwa kwenye kiwiliwili kingine cha kamera ya namna ile ile.

Mhindi alimwandikia ndugu yake Nairobi. Baada ya majuma mawili kifurushi kilifika kwa gari moshi hadi Fort Ternan, kikapandishwa na lori. Ndani mlikuwa na viwiliwili viwili. Kimoja kilikuwa kipya, kinachong'aa, chepesi mkononi. Kingine kilikuwa cheusi, kizito, rangi imelika kwenye pembe mpaka shaba imeonekana, na skrubu moja ya juu ilikuwa na mikwaruzo.

"Chagua moja, fundi," Mhindi alimwambia mume wangu. "Ingine narudi Nairobi wiki ijayo. Mimi nataka ile itafanya kazi kila siku, haiko kufa kwa mvua. Sitaki kununua kamera tena na tena."

Mume wangu alivishika vyote viwili, akavigeuzageuza, akapitisha kidole juu ya ile skrubu. "Hiki kimewahi kufunguliwa na mtu," alisema. "Kilichofunguliwa hakiaminiki. Tuchukue kipya."

"Jaribu kwanza," alisema Mhindi.

Tulivijaribu siku nne, tukihamisha lenzi toka kimoja hadi kingine. Siku ya pili mume wangu alishikwa na homa, akakaa chini ya mti akitetemeka, akaniambia nipige mimi. Alikuwa amenifundisha jioni nyingi, kwa kujifurahisha tu. Nilivaa mkanda shingoni nikaenda kigingi hadi kigingi, mara na hiki, mara na kile.

Kazi ikiwa mkononi mwako ndipo unajua kifaa. Kile kipya kilikuwa na kidirisha chembamba, na ukungu wa asubuhi ulipotanda vitu viwili vilififia vyote nisijue kipi ni kipi. Kitasa chake cha kusogeza filamu kilikuwa laini, kikawa kinateleza kwenye vidole vyenye maji. Kile cheusi kilikuwa na kidirisha kinachoonyesha vizuri, na kitasa chenye meno kiliuma kidole hata kikiwa kimekufa ganzi kwa baridi. Nilitega sikio pia. Mume wangu alinifundisha kwamba pazia dogo la ndani, lile linalofunguka kuruhusu mwanga, husema lenyewe kama ni zima. Kwenye mwendo wa polepole, la kipya wakati mwingine lilisita kabla ya kufunga. La cheusi lilifunga vile vile kila mara. Lakini kilikuwa kizito. Kufikia jioni shingo yangu ilikuwa imekakamaa nisiweze kugeuka kumtazama mtu aliyenisalimu.

Nyapara mmoja Mkipsigis, mtu mzima mpole, alitupita njiani. "Mama, leo ni wewe nabiga bicha?" aliuliza.

"Ni mimi, baba. Mzee ana homa."

"Bole sana," alisema, akampa mume wangu maziwa ya mursik yaliyogandishwa kutoka kwenye kibuyu chake. Mume wangu alikunywa. Homa ilikuwa ya kweli, lakini sidhani kama ni homa peke yake iliyomkalisha chini.

Siku ya tano tulikuwa dukani. Mume wangu alikuwa ameosha filamu, Mhindi akazitandika juu ya kioo kilichowekewa taa chini yake, akainama na lenzi ya kukuzia. Alianza na zile za siku ya kwanza, ya tatu na ya nne, ambazo mume wangu alipiga. Alitazama moja, ya pili, ya tatu.

"Hii mbaya," alisema. "Mistari hapana soma. Hii ya kipya. Na hii ya cheusi, mbaya vilevile." Alinyoosha mgongo. "Ndugu yangu ametuma takataka mbili."

Kisha akatazama za siku ya pili. Aliziinamia muda mrefu. Namba zilisomeka, na hata matone ya umande juu ya majani yalionekana.

"Hizi ni kamera gani?"

Nilikuwa nikitafuta uongo. Nilifikiri niseme kwamba mkono wa mume wangu ulitetemeka kwa homa tangu siku ya kwanza, au kwamba ukungu ulizidi. Mume wangu ndiye aliyesema.

"Kamera ni nzima zote, Bwana. Mbovu ni macho yangu. Hizo nzuri amepiga mama watoto."

Alisema hivyo akitazama ukutani, mahali palipokuwa na blanketi. Mhindi alimtazama, akanitazama mimi, akapangusa miwani yake kwa ncha ya shati.

"Tangu lini, fundi?"

"Mwaka jana. Ni kama moshi. Unaongezeka. Hadi mwezi uliopita niliweza kubahatisha."

"Na chumba cha giza?"

"Giza ni giza kwa kila mtu. Huko sijakosea."

Mhindi alikunja zile filamu. Hakukasirika, wala hakumwonea mume wangu huruma ya maneno. "Mimi nimeandika mtu mmoja," alisema mwishowe. "Mshahara moja. Nyinyi gawana kazi kama mnapenda. Mimi nataka kila kigingi, kila mwezi." Kisha akanigeukia. "Haya mama. Wewe ndiye nabeba. Wewe nataka gani?"

Nilishika kile cheusi.

"Kimefunguliwa hicho," mume wangu alisema taratibu, bado akitazama ukuta.

"Nimeona, baba. Basi kinaweza kufunguliwa tena. Kile kingine hatujui."

Hakubisha. Tulipokuwa tukirudi kambini alishika ncha ya khanga yangu ili asijikwae, hadharani, mbele ya watu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla ya siku hiyo. Alikuwa mtu aliyezoea kuitwa fundi.

Nilibeba kamera ile misimu minne ya mvua. Nilisikia watu wakisema kwamba Mhindi ameajiri mwanamke, na wengine walikuja hadi ukingoni mwa shamba kunitazama. Walichoka mapema kuliko mimi. Mara moja niliharibu. Niliketi ukingoni mwa barabara nikipumzika, nikaiacha kamera mapajani bila kifuniko, lenzi ikitazama jua, nikasinzia. Jua lilichoma tundu kama la sindano kwenye pazia la ndani. Baadaye kila picha ilitoka na doa. Nilimwambia mume wangu nikiwa nimejiandaa kwa makaripio, lakini aliniomba tu nimletee gundi ya kuzibia mipira ya baiskeli na masizi ya taa. Yeye hakuweza kuliona tundu. Alikaa karibu nami, akanielekeza hatua kwa hatua.

"Chovya ncha ya unyoya. Kidogo. Kidogo kuliko hapo. Umefika?"

"Nimefika."

"Gusa, uinue. Usisugue."

Nilikausha kwa pumzi. Doa halikurudi, na lile pazia liliendelea kufunga kama zamani.

Msimu wa nne macho ya mume wangu yalipofuka kabisa. Aliendelea na chumba cha giza miezi michache, kisha dawa za kuoshea zikamkorofisha kifua, akaanza kukohoa. Miguu yangu nayo ilikuwa imevimba. Tulikwenda wote dukani, nikamwambia Mhindi tunarudi kwetu. Aliikagua kamera, akachungulia kidirishani, akabonyeza mara tatu akisikiliza. Aliiweka kwenye rafu ya juu, akanipa blanketi moja na ratili mbili za sukari, akasema, "Kwenda salama, fundi."

Sikujua alikuwa akimwambia nani kati yetu.

Tuliteremka na lori lililobeba magunia ya mahindi. Sijawahi kuziona picha zile mahali popote, wala sina hata moja. Tulipofika nyumbani mama mkwe alinitua mzigo kichwani, akanitazama miguu, akauliza huko milimani nilikuwa nafanya kazi gani.

"Nilikuwa nikitembea, mama," nilimjibu.

Akanitandikia mkeka, nikalala mpaka kesho yake mchana.