Moshi Iko Aje?

Mwalimu wangu wa Kiswahili kule Waithaka alinichosha na mambo ya ngeli. Nilimwona msumbufu tu, mpaka Ijumaa iliyopita.

Kazi yangu, katika ofisi moja ya hali ya hewa hapa taoni, ni kutazama picha za setilaiti na kufuatilia vumbi na moshi wa mioto ya misitu. Wiki hiyo msitu ulikuwa unawaka Bonde la Ufa, na mimi ndimi niliyekuwa naulizwa kila kitu. Basi mkubwa wetu, Madam Mwende, alipopiga simu kutoka kwake Loresho, nilimweka kwenye spika ili wenzangu wasikie mtu anayejua kazi.

"Kevin, Moshi iko aje?"

"Mbaya, Madam. Lakini kufikia kesho asubuhi itakuwa imeisha."

"Imeisha aje?"

"Upepo utaibeba yote, uipeleke baharini."

Akarudia, "Baharini?" Nikadhani amevutiwa na utaalamu wangu, nikaegemea kiti.

"Na dada yangu ako huko," akasema polepole.

"Mwambie afunge madirisha, asitoke nje."

"Atatoka tu. Anaolewa kesho saa nne."

Nikamweleza, kwa upole wa daktari, kwamba harusi huahirishwa, lakini mapafu hayana mengine. Nyuma yangu wenzangu walikuwa wameanza kuinamia meza, mabega yanawatikisika.

"Kevin," Madam akasema, naye sasa anajizuia kucheka, "Moshi ni mji. Iko Tanzania. Mimi nauliza kama kutanyesha."