Mwenye Mimba Hanyimwi

Nilipokuwa mtoto, sisi watoto wa mtaa wa Chaani hatukuogopa mizimu kama tulivyowaogopa wanawake wenye mimba. Mzimu una mahali pake, nawe ukitaka unapita mbali nao. Mwenye mimba anakuja barazani kwenu, anakaa, anatazama unachokula. Akikitamani nawe ukamnyima, kesho unaamka na chokea jichoni, kipele chekundu kinachouma hata kope zinashindwa kufunguka. Kwa hiyo tukimwona mmoja anakuja, viazi karai tulivimeza bila kutafuna, na aliyekuwa na embe bichi la pilipili alilikalia. Nyanya yangu alitucheka, lakini alituonya vilevile. Alisema anayetamani si mama, ni mtoto aliye tumboni, na kumnyima kiumbe ambaye bado hajaliona jua ni dhambi isiyosubiri kiyama.

Nyanya aliuza tembo la mnazi. Alikuwa Mrabai, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, na madumu ya tembo yalikaa nyuma ya nyumba, karibu na meko. Makuli wa bandarini walikuja kunywa jioni wakitoka kazini. Sikuona ubaya wowote. Tembo hilo ndilo lililoninunulia sare za shule na kunilisha.

Chumba cha mbele tulikuwa tumempangisha kuli mmoja na mkewe, Da Kadzo. Nilimpenda Da Kadzo. Alinisuka nywele bila kunivuta, na aliniuliza mambo ya shule kama mtu anayetaka jibu kweli. Aliposhika mimba, kila kilichoingia kinywani kilirudi, uji, ugali, hata maji. Kuna siku mumewe alikosa kazi, na siku hizo hata cha kurudi hakikuwapo. Kitu pekee kilichotulia tumboni kilikuwa tembo. Alikuwa akinywa hata kabla, kidogo, lakini sasa alikuja tangu asubuhi na kikombe chake cha bati, na Nyanya akamtilia bila kumdai chochote. Tena alimtilia kwa furaha.

"Mtoto ndiye atakaye," alisema. "Mimi ni nani nimnyime?"

Siku moja Da Kadzo alianguka akichota maji mferejini, ndoo ikamwagika, na wanawake waliomwinua wakasema ni uchovu wa mimba. Harufu waliisikia, mimi mwenyewe niliisikia. Ila kwetu harufu ya tembo ilikuwa kama harufu ya moshi wa kuni, nani angeitaja?

Alipokwenda kliniki alinichukua nimsindikize. Nesi alikuwa mama wa bara mwenye sauti kavu. Nadhani alijua kabla Da Kadzo hajakaa kitini, lakini hakumfokea.

"Mama, hiyo pombe haikomei kwako," alisema. "Ukinywa, mtoto naye anakunywa. Na yeye hawezi kuitapika."

Njiani kurudi Da Kadzo alicheka sana. "Hawa wa bara! Tembo ni chakula, wao wajua nini?" Lakini kicheko kilimkatikia kabla hatujafika, na akatembea njia iliyobaki amelishika tumbo kwa mikono miwili. Mimi maneno ya yule nesi yaliniingia mpaka mifupani. Nilimwona mtoto amelewa mle gizani, hana wa kumshika mkono.

Siku chache baadaye Nyanya alikwenda mazishini Rabai, akaniachia nyumba. Jioni Da Kadzo akaja na kikombe.

"Hebu nitilie, Sidi."

"Sikupi, Da Kadzo," nilisema. "Nesi alisema mtoto anakunywa."

Nilingoja kofi. Alinitazama, akakitazama kikombe, akasema, "Haya." Kisha akarudi chumbani kwake na kufunga mlango.

Asubuhi jicho langu la kulia lilikuwa limevimba. Sijawahi kuogopa vile tena maishani. Nilijifungia ndani na kitambaa usoni, na kutwa nzima Da Kadzo hakutoka, hakuomba kitu. Nyanya aliporudi kesho yake, hata kikapu hajakitua, aliniinua kidevu.

"Umemnyima nani wewe?"

Nikamwambia yote, na ya nesi pia. Ya nesi hayakumwingia.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema. "Wewe limekuvunjikia jichoni. Shukuru Mungu ni jicho moja."

Dawa ilijulikana. Aliyenyimwa apelekewe kile kile, akipokee kwa moyo mweupe, kisha apanguse jicho la mkosaji kwa upindo wa leso yake. Nyanya akajaza kikombe, akanipa mimi nikibebe, naye akanifuata nyuma.

Da Kadzo alikuwa amekaa kitandani. Leso yake ilikuwa imelowa jasho, na mikono yake ilitetemeka hata akaikalia. Nilipomnyooshea kikombe hakukipokea.

"Mama, sitaki tena," alimwambia Nyanya. "Jana sikunywa, na leo sijanywa. Naona naweza."

"Hutaki kwa kuwa umekasirika," Nyanya akasema kwa upole, kwa sababu alimpenda kama mwanawe. "Ukishika hasira, jicho la mtoto huyu litaoza."

"Sikukasirika, Mama. Haki ya Mungu."

"Basi kunywa, tujue hukukasirika."

Nikamwona akiniangalia jicho langu, lililobaki kama mstari. Machozi yalimtoka. Akatoa mikono, akakichukua kikombe, akanywa mpaka chini, harakaharaka, kama anayemeza dawa. Alinipangusa jicho kwa upindo wa leso, taratibu sana, akasema amenisamehe. Nikafurahi. Kisha akakinyoosha kikombe kwa Nyanya.

"Niongeze, Mama."

Jicho lilipona, bila shaka. Nyanya aliwasimulia wateja, na habari ikazunguka mtaani kwamba Da Kadzo hanyimwi. Hata wanawake wasiouza walimletea vikombe, wengine kwa mikono ya watoto wao. Hapakuwa na adui hata mmoja miongoni mwao. Ndiyo maana nikikumbuka siku zile nakosa pa kupeleka hasira yangu, na hasira ninayo.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, mdogo, mdomo mwembamba, hana nguvu ya kunyonya. Wakamwita Karisa. Nyanya alimkanda mafuta kila siku na kumlisha kwa kijiko, na kusema kweli bila yeye asingeishi. Alichelewa kukaa, akachelewa kusema. Shuleni walimrudisha darasa lile lile mara mbili, kisha wakamwacha akae nyumbani. Nyanya alisema ni kudra, na aliingia kaburini akiamini hivyo.

Mimi nilipobeba mimba zangu niliuliza maswali mengi kuliko daktari alivyopenda. Najua sasa kwamba chokea linatokana na uchafu, na mimi nilikuwa mtoto wa kushika makaa na kufikicha macho. Najua pia kwamba kikombe kimoja hakikumfanya Karisa awe alivyo. Ilikuwa miezi, na njaa, na mengine. Hata hivyo kile ndicho kikombe alichokuwa amekiweka chini mwenyewe, nasi tukamrudishia kwa mapenzi. Hilo linaniuma mpaka leo.

Da Kadzo aliacha tembo Karisa akiwa bado mdogo, peke yake, bila mtu kumsaidia. Ni mzee sasa, na bado humvisha mwanawe shati na kumfunga vifungo. Mwaka jana nilikwenda kumtazama. Tulikaa kizingitini, na nikapata ujasiri wa kumuuliza kwa nini siku ile hakukimwaga kile kikombe, maana hata mimi niliona kwamba hakukitaka.

Alinishangaa.

"Ningekimwaga, mwanangu, wewe ungeona kwa jicho lipi?"

Akanigeuza uso kwenye mwanga, akalitazama jicho langu la kulia, akatabasamu. Karisa, ndevu zimeanza mvi, alikuwa amekaa kati yetu akihangaika na kifungo chake. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba lingepona lenyewe. Nilimwambia ahsante.