Posa Niliyoipitisha Kwenye Mashine ya Makopo

Mnisamehe kwa mwandiko unaopanda na kushuka kama njia za huku Kinole, na nikikosea herufi mjue niliishia la saba, naandika polepole, na leo naandika aibu yangu mwenyewe.

Nilitaka kumposa Zuhura, na mimi ni mtu wa haya (nikimkuta bombani huwa nasalimia ndoo), kwa hiyo nikaandika barua ya posa, ila mshenga wangu, Mzee Kibwana, hufungua kila barua anayobebeshwa na kuisimulia kwenye kahawa kabla haijafika. Nikakumbuka mashine ya vita vya zamani niliyoiona kwenye simu, ya kugeuza maneno yasisomeke, nikaunda ya kwangu kwa vifuniko vya makopo ya maziwa, balbu za tochi na nyaya za spika iliyokufa: unabonyeza herufi moja inawaka nyingine, unasogeza kifuniko alama moja, unaendelea. Nikaipitisha posa yote humo, nikajiona msomi.

Sikufikiria kwamba wakwe hawana mashine.

Mjomba wake Zuhura (kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno, baba anakaa pembeni na kikombe chake) aliifungua mbele ya ukoo, akakuta XQZB ukurasa mzima. Akaitwa mwalimu wa madrasa, akasema si Kiarabu wala si dua anayoijua, na hapo bibi mmoja akawaondoa wajukuu barazani. Nikaitwa na mimi, mashine nimeibeba kichwani, nusu ya kijiji nyuma yangu.

"Kijana, umetuletea posa au umetutupia kitu?"

"Posa, mjomba. Nimeificha tu."

"Umemficha nani, sisi unaotuomba mke?"

Nikarudisha vifuniko mwanzo, nikabonyeza herufi za barua, balbu zikawaka moja moja, mjomba akizisoma kwa sauti: S, H, I, K... Ilipotimia shikamoo, akaijibu mashine, "Marahaba." Kisha kifuniko kikateleza, na yaliyofuata hata mimi sikuyaelewa.

"Malizia kwa mdomo," akasema.

Basi nikamalizia, macho kwenye mkeka, kwamba nampenda Zuhura tangu msimu wa nanasi wa mwaka juzi na nguvu za kulima ninazo. Dirishani nikamsikia mwenyewe akisema, "Kumbe anaongea."

Jibu limekuja juzi. Mjomba kajaza ukurasa mzima herufi alizozivuruga kwa kichwa chake, na chini kaandika wazi: "Na wewe hangaika kidogo."

Nimeapa sitaficha tena neno la posa, lakini mpaka sasa sijui kama nimepewa mke au nimefukuzwa, na kwenda kuuliza naona haya. Msomaji unayejua kufumbua mambo haya, niandikie nikutumie nakala, ila uandike kwa maneno ya kawaida.