Jioni Kichwa cha Treni Kiliponyamaza

Wenzake wa karakana ya reli walimwambia fundi tangu ujana kwamba ana kichwa kigumu. Injini ikipiga kelele, usingizi ulimpaa. Kwake kelele ni ugonjwa, na injini nzima ni ile inayonguruma kwa adabu. Alistaafu na imani yake hiyo hiyo, akaihamishia sebuleni, kwenye treni ya kuchezea ambayo watoto waliichezea wakakua, wakaisahau.

Treni hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlisha mkewe. Mama wa watu alikuwa amepotewa na kumbukumbu; jina la binti yake limemtoka, na uso wa mumewe vilevile. Mtu yeyote akimpelekea kijiko, anafumba mdomo. Lakini jioni treni ikiwashwa na kuanza kuizunguka meza, alitulia, akala hadi akashiba. Fundi alidhani anapenda kuitazama.

Basi kichwa cha treni kikaanza kuzidisha vurugu. Kilikuwa kikikwaruza tangu zamani, sasa kikawa kinalia kama kinasaga kokoto. Fundi akaingiwa na hofu. Mota ikiungua, mke wake atakula vipi?

"Baba, kiache tu," binti yake alimsihi. "Si kinakwenda?"

"Kinakwenda kufa hicho! Leo mimi ndiye wa kufundishwa injini?"

Alikifungua kwa bisibisi ya miwani. Akatoa kwa kibano nywele zilizojisokota kwenye magurudumu, akasugua gia kwa mswaki mkuukuu, akaikaza mota iliyolegea, akatia tone la mafuta ya cherehani. Jino moja la gia lilikuwa na kinundu. Akalipiga tupa mpaka likawa laini. Kazi safi, hata bosi wake wa zamani angekosa la kusema.

Jioni akakiweka relini. Kikateleza kimya kabisa. Mzee akacheka peke yake, jambo ambalo halikuwa limeonekana nyumbani humo kwa muda mrefu.

Mkewe alikuwa akitazama mlango. Binti akaleta sahani. Mama akageuza uso.

"Namngoja mume wangu," alisema. "Kila siku nasikia treni inayomleta kutoka kazini ikiingia, ndipo tunakula. Leo kimya. Sijui kapatwa na nini."

Fundi akaigeukia treni. Kumbe muda wote alikuwa akirudi nyumbani kila jioni, na mkono wake mwenyewe ndio uliomfungia njia! Akakirukia kichwa cha treni, akalegeza mota, akapindua gia, akatia hata mchanga. Kikanung'unika kidogo, kikanyamaza. Jino lililokwisha kupigwa tupa halioti tena. Akakwaruza kijiko kwenye sahani. Akanguruma kwa koo lake, mzee mzima, machozi yakimtiririka, na binti yake akakimbilia jikoni asione.

Mkewe alimtazama kwa huruma. Akamgusa mkono, kwa upole ambao hakuwa amemwonyesha tangu augue.

"Bwana, wewe ni mtu mwema, naona. Lakini jua linazama, nenda kwako. Mume wangu ana wivu, asije akakukuta humu."

Fundi akafuta uso kwa kiganja. Akamuaga kwa heshima, akatoka nje ya nyumba yake mwenyewe, asijue pa kwenda.