Fundi aliyekataza jiko la makaa

Saa kumi na moja alfajiri, na baridi ya milima ya Midelt haina adabu. Fundi Bassou Ouhmad, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, amelala chali juu ya gunia chini ya gari la abiria la Zayd Ouchen, tochi ikiwa mdomoni. Hagusi kitu. Anaangalia tu.

Hatua chache kutoka hapo amesimama Zayd na jiko la makaa lililokolea moto. Ndilo analolisukuma chini ya injini kila asubuhi ya majira ya baridi, kama wafanyavyo madereva wote huku kwetu, ili oili iliyoganda ipate uhai. Leo amekatazwa, na hajapenda hata kidogo.

"Fundi, nusu saa tu," anasema. "Nikiliweka hili, gari litawaka. Na unajua leo ni siku gani."

Bassou anatoa tochi mdomoni. "Najua, Jumanne. Lipeleke mlangoni hilo jiko, dada apate kuota moto."

Dada huyo ni Itto, dada mkubwa wa Zayd, mfumaji wa mazulia mwenye miaka hamsini na miwili. Figo zake zimeacha kazi. Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi lazima afike hospitali saa mbili asubuhi akasafishwe damu kwa mashine, na hospitali yenyewe iko mbali, mwendo wa karibu saa mbili kwa barabara ya kona kali. Kijijini kwao Tazrout hakuna gari jingine linaloondoka mapema hivyo.

Alhamisi iliyotangulia gari liligoma mpaka saa tatu, na Itto akakosa zamu yake. Kufikia Jumamosi miguu ilikuwa imevimba hata viatu vya kaka yake havikumwenea, na usiku alikuwa akilala ameketi, maana akijinyoosha pumzi inakata. Anayasimulia haya bila kulalamika, amejifunika blanketi la sufu alilofuma mwenyewe. Lakini kila stata inapotajwa, anaacha kuzungumza na kutega sikio.

Si kwamba gari halijatibiwa. Mwezi Novemba Zayd alinunua betri mpya, haikusaidia. Akabadilisha plagi za kupasha moto injini, zote nne, na aliyezifunga ni Bassou huyu huyu, kwa dirham mia tatu na hamsini pamoja na vifaa. Kwa fundi ambaye siku ikiwa njema hupata dirham mia na hamsini, ilikuwa riziki ya kushukuru. Tatizo ni kwamba gari lilifikishwa gereji kwake saa sita mchana, likiwa limeshashuka mlima na kupata joto.

"Mgonjwa wa asubuhi nikampima mchana," anasema, na kujicheka. "Nikaliwasha, likaitika kama askari mbele ya bosi. Nikapokea hela za watu, nikaenda kula."

Ndiyo maana safari hii amekuja kulala kijijini, alikute gari likiwa baridi kabisa kabla mtu hajaligusa.

Utaratibu wake ni wa mtu asiye na haraka, na unaweza kumtia wazimu yeyote anayesubiri. Kwanza anauliza gari lilielekezwa wapi jana jioni, pua juu ya mteremko au chini. Juu, anajibu Zayd kwa ufupi. Kisha anamwambia apige stata mara moja na aache. Yeye mwenyewe anazunguka nyuma, anainama, anatazama bomba la moshi.

Stata inazungusha kwa nguvu, kwa hiyo betri haina kosa. Bombani hakitoki kitu.

"Ungetoka moshi mweupe," anamweleza Zayd, "ningejua mafuta yanafika ila yanakosa joto. Lakini hapa hakuna moshi kabisa. Injini hii haisikii baridi, kaka. Ina njaa. Mtu ana njaa, sisi tunamvisha koti."

Zayd hacheki. Saa inakaribia kumi na moja na nusu, na Itto ameshapanda kiti cha mbele, mkoba wa hospitali mapajani. Zayd anaomba tena jiko, mara hii kwa sauti ya chini na ngumu.

"Akikosa na leo, utamzika wewe?"

Bassou analitazama jiko. Baadaye atasema kwamba hapo ndipo alipokaribia kushindwa. Makaa yalikuwa tayari, gari pengine lingewaka, na hakuna ambaye angemlaumu. Ila alijua kwamba injini ikipata joto, ugonjwa ungejificha tena, na Alhamisi wangekuwa pale pale.

Badala yake anafungua njia ya mafuta karibu na pampu na kuunganisha kipande cha mpira wa plastiki unaoonyesha ndani. Zayd anapiga stata. Ndani ya mpira hayapiti mafuta, yanapita mapovu. Mahali fulani kuna hewa inaingia, na dizeli imerudi tangini usiku kucha, hasa gari likiwa limelala pua juu.

Anaufuata mpira wa mafuta kwa kidole, taratibu, kutoka mbele kwenda nyuma. Usawa wa pale jiko linapowekwa kila siku, kidole kinasimama. Mpira hapo umekauka, mgumu kama mfupa, umejaa nyufa nyembamba. Anaukata na kumpa Zayd aushike.

Maelezo yake ni mafupi. Baridi inaubana mpira, nyufa zinafunguka. Joto likija mpira unalegea, nyufa zinajifunga, gari linawaka na dereva anaamini jiko ndilo dawa. Kumbe kila alfajiri jiko linauchoma mpira zaidi kidogo, na kesho yake ugonjwa unakuwa mkubwa kuliko jana.

Zayd anaugeuzageuza mpira ule mkononi, halafu anaketi chini penye barafu.

"Kwa hiyo ni mimi," anasema. "Aliyemkosesha Alhamisi ni mimi."

Itto ameteremsha kioo. Anamwambia kaka yake aache kujiliza, kwamba hata chai anaiunguza, seuze mpira. Lakini Zayd hainui kichwa.

Bassou angeweza kuishia hapo. Angefunga mpira mpya, angekunja gunia lake, na lawama ingebaki pale ilipoangukia. Anachuchumaa mbele ya Zayd.

"Si wewe," anamwambia. "Jiko hili nililileta mimi."

Ni kweli, na wazee wa Midelt wanakumbuka. Akiwa kijana wa miaka ishirini, Bassou alifanya kazi katika machimbo ya madini ya risasi kabla hayajafungwa. Huko madereva wa malori walikuwa wakisukuma makaa chini ya injini alfajiri, na malori yakiwaka. Machimbo yalipokufa alirudi mjini na ujuzi huo, akawafundisha wenye magari mmoja mmoja. Majira ya baridi ya mwaka wake wa kwanza barabara ilijaa theluji, mabasi yakagoma, lakini magari aliyoyawekea jiko yakawaka. Tangu siku hiyo anaitwa Bassou wa Makaa, na kwa jina hilo alipata wateja, gereji ya mlango mmoja, na hata mke, kama anavyopenda kutania.

Jambo moja hakulifikiria. Yale malori ya zamani yalikuwa na mabomba ya shaba, na shaba haijali makaa. Magari ya leo yana mipira. "Magari yalibadilika, mimi nikabaki na sifa zangu," anasema. "Na huu mpira ungepasuka kabisa, dizeli ingemwagikia makaa. Mtu anawasha gari huku familia imo ndani. Nikifikiria hilo, usingizi unaruka."

Anafunga mpira mpya, anabana klipu, anapampu kwa mkono na kutoa upepo hadi dizeli inatoka safi. Zayd anapiga stata. Injini inashika kwa mzunguko wa pili, na hakuna anayeshangilia. Itto anafumba macho tu na kushika mkoba wake. Saa kumi na mbili kasoro dakika saba wanaondoka. Saa mbili na dakika tano Zayd anapiga simu kusema dada ameshaunganishwa na mashine.

Bassou amekataa kulipwa. Amekunywa glasi tatu za chai, amekula mkate na mafuta ya zeituni, na kile kipande cha mpira amekitia mfukoni.

Jumapili ni siku ya gulio, na madereva wote wa milimani hukusanyika penye magari ya mboga. Bassou amepania kusimama hapo na mpira huo mkononi aseme kwamba alikosea. Mkewe anamsihi awaambie wateja kimyakimya, mmoja baada ya mwingine, asijivunjie heshima uzeeni. Amekataa, maana kuna vijiji ambako hamjui mtu ila jiko lake limeshafika.

Watamcheka, na hilo analijua. Kuna watakaokumbuka pesa walizompa, na pengine jina lake litabadilika kuwa la dhihaka. Anasema jina hilo limemlisha miaka arobaini, inatosha.

Huwa anapanda juu ya paa la nyumba yake kila alfajiri ya baridi. Bonde lote huwa chini yake, na chini ya kila gari kuna doa jekundu la makaa. Zamani alikuwa akiyahesabu kwa fahari. Alfajiri ya Jumatano, siku moja baada ya kuukata mpira ule, alihesabu kumi na tisa, akateremka bila kunywa chai.

"Nikipanda siku moja nikakuta giza tupu," anasema, "nitajua wamenisikia."